Chura Aliyeletewa Wageni

Mimi sina TB. Naanza na hilo kwa sababu mtu wa mlima wetu wa Manga akisikia jina Cleophas Onyiego, kitu cha kwanza anachofanya ni kusogeza kiti. Nilikuwa nayo mwaka jana, ndiyo. Nikameza dawa mpaka mkojo ukawa rangi ya machungwa, nikamaliza dozi yote, daktari akanipima akasema, mzee, umepona, huwezi kumwambukiza mtu. Nilidhani habari hiyo itapanda mlima kabla yangu. Ile ya kuugua ilipanda siku hiyo hiyo. Hii ya kupona mpaka leo iko njiani.

Kabla ya hapo nyumba yangu ilikuwa kama haina mlango. Watu wakitoka kupeleka majani chai kituoni wanapitia kwangu, wanakunywa chai ya mke wangu Esnah, ambaye kila mtu anamwita Mama Duke, halafu wanabishana kuhusu mpira na kuhusu nani amesogeza mpaka wa shamba. Mkubwa wao alikuwa Nyamweya. Huyo hata kubisha hodi alikuwa habishi. Anakaa kiti changu, mimi mwenye nyumba natafuta pengine. Tuligombana kila siku ya Mungu isipokuwa Sabato, na Sabato tuligombana kwa sauti ya chini.

Siku niliyopatikana na ugonjwa, Nyamweya aliinuka akasema anaenda kufunga ng'ombe. Ng'ombe gani huyo anayefungwa mwaka mzima? Na wengine wote wakawa na ng'ombe siku hiyo hiyo, hata wasiokuwa na ng'ombe.

Lakini chai si kitu, chai naweza kunywa peke yangu. Kilichonichoma ni miguu. Sisi Wasabato, kabla ya Meza ya Bwana, tunaoshana miguu. Inafanyika kila robo ya mwaka, wanawake kwao na wanaume kwao. Unachukua beseni na taulo, unatafuta mwenzako, unamwosha, naye anakuosha, mnaomba, basi. Hakuna anayekupangia mwenzako. Wangu alikuwa Nyamweya tangu tulipobatizwa. Robo iliyopita nikaingia nimepona, nimekata kucha, nimekunja suruali, nikakaa kwenye benchi. Watu wakashikana wawili wawili haraka haraka. Nyamweya akamshika Ogeto wa duka la mbolea, mzee wa kanisa anayesoma matangazo, na mimi nikabaki na magoti yangu nje. Mwishowe pasta akanihurumia. Aliniosha kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nzi kwenye maziwa.

Niliumia. Sisemi nilikasirika, kukasirika ni kazi yangu ya kila siku. Nasema niliumia. Nikamwambia Mama Duke, robo ijayo nikikosa mtu wa kunishika mguu, sitakanyaga tena kanisa lile mpaka mnizike. Mama Duke ananijua, nikisema nimesema. Akaanza kuomba.

Basi wiki chache kabla ya robo hiyo ndipo alipokuja Maureen.

Maureen ni msichana wa Suneka, anasomea shahada ya pili chuo kikuu, na alikuwa amezunguka mlima mzima na maboksi ya plastiki akitafuta pahali pa kufugia vyura. Kila mji alioingia walimkaribisha vizuri mpaka aliposema neno vyura, halafu wakamwonyesha njia. Alipofika kwetu, Mama Duke alikuwa amekaa miezi bila kumpikia mgeni. Nafikiri hata kama angesema nyoka angekubaliwa. Akapewa stoo ya mahindi.

"Vyura wa nini?" nikauliza. Mama Duke akanikanyaga.

Maureen alinywa chai yote, akaomba nyingine, kisha akanieleza kwa adabu. Kwao wamemlea vizuri, alikuwa ananiita Tata kama baba yake mzazi.

"Tata, ngozi ya chura si ngozi tu. Kuna bakteria wengi wanaishi pale juu, na wengi ni wazuri, wanamlinda. Sasa kuna ugonjwa wa kuvu unaoshika ngozi yake. Ukiingia, wale bakteria wanabadilika. Wengine wanapotea, wengine waliokuwa wachache wanajaa."

"Kwa hivyo unamtibu."

"Namtibu. Dawa inaua kuvu, chura anapona. Ninachotaka kujua ni hiki: akishapona, wale wa kwanza wanarudi?"

"Si watarudi. Amepona."

"Walioangalia vyura wa nchi nyingine wameona si rahisi hivyo. Ugonjwa umeisha, dawa imeisha, na bado wale wa zamani hawarudi. Hatujui kama hawa wetu wako hivyo."

Nikaweka kikombe chini. "Nani amekutuma?"

"Kutumwa wapi, Tata?"

"Ni Nyamweya? Ama ni pasta? Umekuja na maboksi yako mpaka nyumbani kwangu, unanisema mimi, unaniita chura."

Ilibidi Mama Duke atoke jikoni. Alimweleza msichana wa watu kila kitu, ugonjwa, ng'ombe wa Nyamweya, mpaka vidole viwili vya pasta, jambo ambalo sikuwa nimempa ruhusa. Maureen akanigeukia.

"Hapana, Tata. Mimi kweli nilikuwa nasema chura."

"Na mimi pia nilikuwa nasema chura," nikamwambia, nikaenda zangu kuchuma majani.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu. Kila chura alikaa boksi lake, lenye namba na kifuniko cha matundu. Upande mmoja wazima, upande mwingine wagonjwa, na karibu na dirisha wale waliopona. Anamtoa chura mmoja, anamsuuza kwa maji safi, anamsugua tumbo na miguu kwa kijiti cha pamba, kile kijiti anakiingiza ndani ya kichupa na kichupa ndani ya barafu, kisubiri maabara ya Nairobi. Kabla ya kumshika mwingine anavua glavu, anavaa mpya. Hilo lilinipendeza. Kanisani kwetu kuna shemasi aliyevaa glavu akinipa mkate wa Meza, na akazivua alipofika kwa aliyekaa karibu nami.

Katika wale waliopona kulikuwa na Namba Tisa. Mdogo, kijani, mwenye mstari mgongoni. Alikuwa anakaa ameangalia ukuta.

"Huyu amefanya nini?" nikauliza.

"Hajafanya kitu, Tata. Amepona."

"Amepona na anakaa peke yake?"

"Wote wanakaa peke yao."

"Hao wengine sawa. Huyu anaumia."

"Tata, chura hawezi kuumia kwa sababu ya..."

"Usiniambie mimi."

Nikaanza kumsalimia. Asubuhi kabla ya kwenda shambani napitia stoo, naingiza kichwa, namwambia bwakire. Haitikii, lakini hata Nyamweya alikuwa haitikii vizuri. Jioni nampa habari za siku. Mama Duke alinisikia nikimweleza Namba Tisa jinsi katibu wa kituo cha chai anavyotuchelewesha, akasimama mlangoni na mwiko.

"Baba Duke, unaongea na nani?"

"Na mwenzangu," nikasema, naye akarudi jikoni.

Alhamisi moja Maureen alishuka Kisii mjini kutafuta barafu. Nikaingia stoo. Namba Tisa ukutani, vile vile. Nikamwangalia, akauangalia ukuta, na hasira zikanipanda, sijui hasira za nani. Mtu amemeza dawa, ameshinda ugonjwa, halafu anawekwa pembeni kana kwamba ameiba? Nikachukua ndoo, nikateremka mtoni chini ya michai. Nilichagua kwa makini. Sikutaka vyura wa ovyo ovyo. Nikapata mmoja mnene, mwenye tumbo la kueleweka, ametulia, hana haraka na maisha. Nikamleta, nikafungua kifuniko cha Namba Tisa, nikamwambia, una mgeni.

Mwanzoni kila mmoja alikaa kona yake. Halafu Namba Tisa akageuka. Nasema akageuka, akaacha ukuta, akamtazama mwenzake. Nilifurahi mpaka nikaona wale wengine waliopona wataona wivu, nikarudi mtoni na ndoo. Kufikia saa nane mchana hapakuwa na chura aliyepona asiyekuwa na mgeni. Nikamwita Mama Duke aje aone.

Aliangalia boksi la kwanza, la pili, la tatu. "Umemmaliza mtoto wa watu," akasema.

Maureen alirudi na barafu yake. Nilimsikia akiingia stoo, kisha sauti ndogo.

"Tata. Nani ameingia hapa?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Mtu akipona anatembelewa, Maureen. Hata kama ni chura."

Akakaa juu ya gunia la makaa na nguo yake ya kwenda mjini. Hakunipigia kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Alinieleza polepole kwamba hawa hawakutakiwa kugusana na chura mwingine yeyote. Sasa bakteria wa zamani wakionekana, nani atajua kama walirudi wenyewe au waliletwa na ndoo yangu?

"Na huyu mnene, Tata. Ulijuaje hana kuvu?"

"Ana afya. Angalia hilo tumbo."

"Anaweza kuwa na kuvu na bado awe na tumbo."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamuuliza kama atafukuzwa chuo, akasema hapana, mwenzake anafuga wengine huko Kenyenya kwa utafiti huo huo, ila hawa waliopona lazima awaanze upya na itamchukua mpaka mvua nyingine. Akacheka kidogo, akalia kidogo, akacheka tena. Nikaona aibu ya kweli. Nikamwambia nitamshikia vyura wengine kwa mikono yangu mwenyewe, akasema tafadhali, Tata, usimshike chura yeyote.

"Sasa niambie kitu kimoja," nikasema. "Kama hao wa zamani hawarudi wenyewe, mnawarudisha vipi?"

"Kuna watu wanajaribu kumwogesha chura kwa maji yenye wale bakteria wazuri. Wakati mwingine wanashika, wakati mwingine hawashiki." Akajipangusa pua. "Lakini kukaa tu ukingoja? Yeye yuko ndani ya boksi, wao wako nje. Chura hawezi kutoka kwenda kuwaita."

Nikatoka nje nikasimama. Chura hawezi. Lakini mimi nina miguu, na hakuna aliyenifungia kwenye boksi. Mwaka mzima nilikuwa nimekaa kwenye benchi nimekunja suruali, nangoja.

Wale wageni Maureen alikataa warudi mtoni kabla ya kupimwa, akaniambia niwaweke kwenye ndoo na niifunike. Sikuona kifuniko. Nikachukua beseni moja la kanisa, nikaifunika nalo. Ni hivi, Mama Duke ni kiongozi wa mashemasi, na mabeseni na mataulo ya kuoshana miguu yanakaa kwetu. Hapo TB haikumwogopesha mtu, kwa sababu kuyabeba kupanda mlima ni mzigo.

Ijumaa jioni, kabla jua halijazama, Mama Duke akakuta beseni la Bwana juu ya ndoo ya vyura. Sitasema aliyoniambia. Aliliosha kwa sabuni mara nyingi kuliko lilivyohitaji, akapanga mabeseni yote, akaweka mataulo yaliyokunjwa ndani, na Sabato ilipoingia tukaimba. Ndoo ilikuwa imebaki wazi. Hakuna aliyekumbuka kuhesabu vyura.

Kesho yake, baada ya mahubiri, wanaume tukaingia darasa la watoto. Nikachukua beseni la maji na taulo. Watu wakaanza kushikana, wakiangalia kila pahali isipokuwa nilipo. Nyamweya alikuwa ameshakaa na Ogeto, ameshavua kiatu kimoja. Nikavuka chumba, nikapiga magoti mbele yake.

"Lete mguu."

Nyamweya akamwangalia Ogeto. Ogeto akakohoa, eti yeye ndiye anakohoa, akasema, "Ndugu Onyiego, huyu ana mtu tayari."

"Najua ana mtu. Mtu mwenyewe ni mimi."

Nikamshika Nyamweya kifundo cha mguu. Soksi yake ilikuwa na tundu na kidole gumba kimetoka kuchungulia watu. Akavuta. Nikakaza. Nyamweya ni mzito, lakini mimi nimechuma majani chai tangu utoto na vidole vyangu si vya mchezo. Kwa mkono mwingine nikavuta taulo nijifunge kiunoni.

Hapo ndipo yule mnene alipotoka.

Alikuwa amelala kwenye mikunjo ya taulo, ametulia zake. Taulo lilipofunguka akaruka mara moja, akaangukia paja la Ogeto. Ogeto alisema neno ambalo siwezi kulirudia, ilikuwa Sabato, akatoka kwa dirisha huku mlango ukiwa wazi. Wengine wakachagua mlango wote kwa pamoja. Mabeseni yakapinduka, maji ya moto yote yakamwagika, mtu akakimbia na kiatu cha mwenziwe. Pasta alikuwa amepanda meza ya mwalimu na kutoka huko juu akatuomba tutulie. Chura akakaa katikati ya sakafu, anapumua, hana haraka na maisha.

Nyamweya naye alitaka kukimbia. Mguu ulikuwa mkononi mwangu.

"Niachilie, Onyiego."

"Sikuachilii."

"Kuna chura."

"Namjua. Ni mgeni wangu."

Maureen akaingia mbio kutoka upande wa wanawake, glavu tayari mkononi, maana hutembea nazo mpaka kanisani. Akamwinua yule mnene kwa heshima, akamwambia pasta samahani, akatoka. Pasta naye akashuka mezani na kumfuata, akisema anaenda kuwarudisha ndugu. Tukabaki wawili.

Beseni langu halikuwa limepinduka. Maji yake yalikuwa yameshapoa. Nikamvua soksi, nikamwosha unyayo, kisigino, kile kidole kilichokuwa kinachungulia. Nilikuwa nimeandaa andiko la kumsomea, kali kidogo. Likanitoka kichwani.

"Uliacha kuja," nikasema.

"Niliogopa."

"Nilipona."

"Najua ulipona. Mama Duke alimwambia mke wangu siku ile ile."

"Sasa?"

"Sasa ningeingiaje?" Alikuwa anaangalia maji. "Nilikuacha unakohoa, Cleophas. Mtu akirudi baada ya hapo anasema nini? Mara ngapi nimefika mpaka kwenye ua wako nikageuka. Nilikuwa nakusikia ukigombana na redio."

Nikamfuta mguu, nikamvua kiatu cha pili, nikamwosha na huo.

Halafu akateremka kutoka kwenye benchi. Ana magoti mabaya, ilimchukua muda na aliguna njia yote. Akasukuma kalio langu likakae alipokuwa amekaa, akavuta beseni, akanishika mguu kwa mikono miwili. Aliosha juu, akaosha chini, akaosha katikati ya vidole kimoja baada ya kingine. Wanaume walikuwa wanarudi mmoja mmoja, wanasimama mlangoni wakiangalia. Akarudi kwenye kisigino. Akaanza tena vidoleni. Baridi ilikuwa imenifika gotini.

"Nyamweya," nikasema, "umeshamaliza."

"Nyamaza," akasema. "Bado naosha ya zile robo nilizokuacha."

Nikamwachia na mguu wa pili.